Kisu cha Mzee Harbans na King'ora wa Getini

Enyi vijana wa getini, nyinyi wa zamu ya asubuhi na nyinyi mliofuata harufu ya chai ya bure, sogeeni. Wewe mwenye redio, izime. Na wewe weka rungu chini, hapana mwizi hapa isipokuwa yule aliyepita na kaimati zangu. Mumeniambia niseme maneno kabla sijaenda zangu nyumbani Bondeni kulala mchana kama watu wenye heshima zao, basi nitasema. Mshahara sitautaja, maana sitaki kulia mbele ya watoto. Vyeo navyo sivitaji: nilianza bawabu, nikamaliza bawabu mzee. Nitawaambia kazi.

Siku yangu ya kwanza katika jengo letu hili la ofisi za serikali nalipewa sare ya bwana mmoja aliyekuwa mnene kama kontena. Ndani ya shati lile tungeingia mimi, mke wangu na mama mkwe, na chumba cha kukodisha kikabaki. Upepo ukivuma kutoka baharini naondoka mwenyewe bila kutaka, naenda hadi kwenye kona ya barabara, narudi kwa miguu. Watu wakadhani napiga doria. Mkubwa wa siku zile akanisifu kwa bidii.

Aliyenifunza kazi ni mzee Wambua. Mkristo, mtu wa Ukambani, alikuja Mombasa kubeba magunia bandarini, mgongo ukamkataa, akaja kusimama mlangoni. Alikuwa hasemi sana. Aliniambia, "Omari, usitazame mfuko wa mtu. Tazama macho. Mtu mwenye nia mbaya hautazami mlango, akutazama wewe." Vyombo vyetu vilikuwa vitatu. Kile kijiti kinacholia kikikaribia chuma, sisi tulikiita mwiko. Kioo cha kutazamia chini ya gari. Umri wangu wote kwa kioo kile sijaona kitu ila paka. Na kopo la biskuti lenye nyuzi, sindano na vipande vya kamba, la Wambua mwenyewe. Serikali haikuwa na habari nalo, na kwa hivyo ndicho chombo pekee kilichofanya kazi kila siku.

Sasa sikizeni. Katika mji huu, ukimpekua mtu kwa nia mbaya, basi kila mtu ana silaha. Mshona kofia yuaja na sindano zake. Fundi cherehani ana mkasi. Muuza kahawa ana koleo na makaa ya moto, huyo aweza kuteketeza wizara nzima. Bibi yuatoka sokoni na mbuzi ya nazi chini ya kwapa, na lile jino la mbuzi mwalijua, laweza kukwaruza hata deni. Wambua alikuwa aamkia kwanza: "Shikamoo mama, hiyo mbuzi mpya? Umeipata kwa nani?" Mama akamwambia fundi ni nani, na kwamba fundi ni mwizi, na mumewe pia. Kufikia hapo Wambua alikwisha jua kila kitu. "Haya mama, niachie hapa mezani, nitakulindia." Na mama akaona amefanyiwa hisani. Huko ndiko kupekua.

Siku moja akaja mzee Kalasinga. Sisi Mombasa twawaita Makalasinga, wenyewe wajiita Masikh. Kilemba cha samawati kimepangwa kama keki ya harusi, ndevu nyeupe mpaka hapa, na kifuani mkanda mweusi umepita begani. Nikamwelekezea mwiko. Mwiko ukalia kilio ambacho sijakisikia hata matangani. Nikaruka nyuma, nikamkanyaga Wambua. Kutazama, mzee ana kisu! Ki ndani ya ala, chaning'inia kwenye ule mkanda, urefu wa kiganja hivi. Siku ile nalikiona kama upanga wa kufyekea msitu.

"Tulia wewe," Wambua akaniambia. "Huyu Mzee Harbans, fundi wa mabati, karakana yake iko huko Buxton. Hicho ni dini yake."

"Dini ya kisu?"

"Na wewe kofia yako ni dini ya pamba?"

Yule mzee akacheka mpaka kilemba kikatikisika. Na Kiswahili chake, wallahi, cha Mombasa hasa, kuliko changu. Babu yake alikuja na reli, yeye kazaliwa hapa hapa kisiwani. "Kijana," akasema, "kwetu mtu akishakula kiapo cha dini, vitu vitano havimtoki mwilini. Nywele hazikatwi. Kitana. Hii bangili ya chuma. Suruali ya ndani ya namna yake. Na hiki, twakiita kirpan. Vinne nitakuonyesha. Suruali utaniamini."

"Na kisu ni cha nini, mzee?"

"Cha kunikumbusha nisimwache mnyonge akaonewa nami natazama. Hakichomolewi ovyo. Hata embe mimi nakata kwa kisu cha jikoni kama wewe."

Wambua akafungua kopo lake la biskuti, akatoa uzi mnene, akafunga mpini na ala pamoja, akapiga fundo lake la bandarini ambalo hata shetani angeliomba mkasi. "Pita, mzee." Mzee akapita, akalipa kodi ya karakana yake, akarudi. Wambua akatazama fundo, fundo ni lile lile, akalikata. Kwisha maneno. Hapana mkutano, hapana kamati, hapana bwana mkubwa kupigiwa simu. Na tangu hapo Mzee Harbans akawa yuaja na uzi wake mwenyewe mfukoni, wa rangi ya kilemba cha siku hiyo. Kilemba cha manjano, uzi wa manjano. Kilemba cheusi, uzi mweusi. Wambua akamwambia, "Mzee, hata bibi harusi hapangi rangi namna hii."

Nami nikaja kumzoea. Nimekula kwao, msicheke. Hekalu lao mlango wazi, mtu yeyote huketi chini na kula, chapati na dengu, hawakuulizi mtoto wa nani wala wasali wapi. Nimetoka pale tumbo limetangulia mbele, mimi nafuata. Watu wote wale wana visu, na kitu pekee kilichonitisha ni yule mama aliyekuwa akiniongeza chapati.

Basi Wambua akastaafu, akaenda kwao. Hapo ndipo tukaletewa mkuu mpya wa ulinzi. Jina lake silitaji. Sisi tulimwita King'ora, kwa sababu hakusema jambo ila kwa kupiga kelele, na akimaliza kelele hapana moto. King'ora alikuwa amepelekwa semina hotelini, akakaa siku kadhaa akila kuku, akarudi na cheti ndani ya fremu. Akakitundika juu ya kiti chake hapa mlangoni. Cheti kilikuwa kikubwa hata nalidhani ni dirisha. Wengine tumesimama mlangoni mpaka magoti yakaota kutu, hatukupewa hata kalenda.

Akaleta mlango wa mashine. Mashine ile, Mungu anisamehe, ilimzidi yeye akili kidogo, lakini walielewana. Ililia kwa funguo. Ililia kwa jino la dhahabu. Ililia kwa vifungo vya suruali. Siku moja ililia kwa bibi mmoja ambaye hakuwa na kitu chochote isipokuwa hasira. Kunguru wote wa Ganjoni walihama wakaenda Likoni kwa kelele za mashine ile, na wale kunguru mwawajua, hawahami hata kwa sumu.

Kisha akabandika bango, herufi kubwa: HAKUNA SILAHA YA AINA YOYOTE. HAKUNA UDHURU. Akaweka pipa. Ebo! Pipa likajaa siku ya kwanza. Sindano za kofia, mikasi, koleo la kahawa, kitana cha chuma. Mbuzi ya nazi aliishika kwa kitambaa, mkono ameunyoosha mbali na uso, kama bomu. Khatibu wa msikiti, mzee wa watu, haoni vizuri, akanyang'anywa bakora yake. Akawa apapasa ukuta mpaka ghorofa ya pili. King'ora akapiga kifua: "Leo nimezuia hatari." Hatari gani? Labda khatibu angewapiga viboko wale makarani wanaolala, na hilo lingekuwa jambo la maendeleo.

Lakini wakija wakubwa! Gari nyeusi, mabwana wenye miwani nyeusi, koti limevimba kiunoni kwa bastola, mashine yalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na King'ora apiga saluti hata kofia yamruka. Hakuna udhuru, si tumelisoma bango? Na duka la jirani hapo, mlinzi ana simi kiunoni na rungu mkononi, siku nzima asimama hadharani, King'ora apita mbele yake, "Habari, kaka." Salama salimini.

Na hili nimeliona kwa mato yangu haya. Jumamosi moja nalikuwa harusini Mji wa Kale. Bwana harusi kavaa joho, kilemba, jambia kiunoni na upanga mkononi. Upanga, si kisu! Na nani yuko mbele kabisa, acheza kirumbizi, arusha fimbo ndefu kama mlingoti wa bendera, karibu amng'oe mwenzake sikio? King'ora. Jasho lamtiririka, furaha tupu. Jumatatu nikamuuliza, maana mimi ulimi wangu hauna fundo:

"Bosi, na lile jambia la Jumamosi?"

"Ile ni mila, Omari."

"Na fimbo yako?"

"Ni ngoma ile."

"Na kisu cha Kalasinga?"

"Kile ni kisu."

Mwaona? Kitu kikiwa chake ni mila. Kikiwa cha mwenzake ni kisu. Nimekutana na wajinga wengi mlangoni hapa, wengine wana digrii mpaka za kukopesha, lakini ujinga wenye cheti cha fremu ni mara yangu ya kwanza.

Na basi ikaja kesi ya Bi Zuhura. Hii ndiyo niliyotaka kuwaambia, hayo mengine yalikuwa ni chumvi ya chai.

Bi Zuhura ni jirani yangu Bondeni, mjane, hana mtoto. Marehemu mumewe, Bwana Athmani, alikuwa fundi wa viatu, na alikuwa na nyumba yao hiyo moja. Alipoanza kuumwa alimwita Mzee Harbans aje amwezekee paa upya. Siku ile imamu wa mtaa naye alikuwapo, amekuja kumjulia hali. Bwana Athmani akawaambia wote wawili, "Nyinyi mashahidi. Nyumba hii tangu leo nimempa Zuhura, ni hiba. Fundi, ukitaka kujua mabati yakae vipi muulize yeye, mimi sasa ni mgeni wake." Wakacheka. Paa likawekwa. Bwana Athmani akafariki. Na yule imamu naye akafariki. Shahidi akabaki mmoja, Mzee Harbans.

Ndipo akatokea mpwa wa marehemu, Fahmi. Kijana wa tai na manukato. Akipita, nzi wasilimu. Wakati mjomba anaumwa hakuonekana hata kwa darubini. Alipokufa, akaja kusema nyumba ni ya ukoo, na Bi Zuhura alikaa tu kama mpangaji. Bi Zuhura akakataa kutoka. Fahmi akangoja siku Bi Zuhura amekwenda maziko Kisauni, akaleta watu, wakang'oa mabati. Na ni msimu wa mvua. Bi Zuhura alirudi akakuta kitanda chake chaoga. Aliyempandia juu kuziba ni Mzee Harbans, na uzee wake ule, na turubali na mabati makuukuu, mtaa mzima twamshikia ngazi na kumsomea dua.

Kesi ikaletwa kwenye baraza la mashauri ya nyumba, hapa hapa kwetu, ghorofa ya tatu. Mwenyekiti wake ni mama mmoja kutoka bara, sauti ndogo, miwani puani, na akikutazama juu ya miwani wakumbuka dhambi zako za utotoni. Shauri lilikuwa limeahirishwa mara moja, kwa kuwa shahidi, Mzee Harbans, alikuwa mgonjwa. Mama Mwenyekiti akasema, asubuhi ya kikao kijacho ndiyo ya mwisho. Shahidi asipofika, shauri lafungwa, na Bi Zuhura atatoka kwenye ile nyumba.

Asubuhi yenyewe ikafika. Wa kwanza kuingia ni Fahmi. King'ora akampigia saluti. "Karibu, Bwana Fahmi, pita." Mashine ikalia kidogo, King'ora akaipiga kofi, ikanyamaza. Akapita.

Nyuma yake hatua mbili wakaja Bi Zuhura na Mzee Harbans, pole pole; Fahmi akageuka, akawaona, akapanda ngazi. Mzee kavaa kilemba cheupe, na uzi mweupe keshaushika mkononi tayari, kama mtoto aliyeshika pesa ya duka. "Sasriakal, Omari." Ndiyo salamu yao. "Sasriakal, mzee, shikamoo." Nikanyoosha mkono kuchukua uzi. King'ora akajitia baina yetu.

"Nini hicho?"

"Kirpan, bwana," Mzee akasema. "Bawabu akifunga na huu uzi, ndivyo tufanyavyo siku zote."

"Siku zote zimekwisha. Soma bango."

"Nimelisoma. Mimi sikubeba silaha, nimebeba dini yangu."

"Dini iache hapa kwenye pipa, uichukue ukitoka."

Mwasikia hayo? Kwenye pipa! Pamoja na mikasi na koleo la kahawa! Nikasema, "Bosi, huyu ni shahidi, asipofika juu, huyu mama atolewa nyumbani kwake."

"Avue aingie. Nani aliyemzuia?"

"Sheria imekataza nisiingie?" Mzee akauliza, kwa upole tu.

"Sheria yasema mtu asitembee na silaha hadharani."

"Basi mbona waniacha hapa nje, hadharani? Huko ndani ndiko si hadharani."

Watu wa foleni wakacheka. King'ora akavimba shingo. "Wanifanyia mzaha? Chomoa nikitazame makali yake."

Na Mzee Harbans uso ukabadilika. "Hicho ndicho nisichoweza. Hakichomolewi kwa kuonyeshana. Wanikataza silaha, kisha waniamuru niichomoe mbele ya watu?"

Huyo ndiye mtaalamu wetu wa usalama, mabwana. Kisu kimelala alani mwake hakimkeri mtu, yeye ataka kitoke nje ndipo atulinde. Semina ile walimpa kuku tu, masomo hayakumfikia.

Wakati wapita. Juu wanaita kesi. Nikamwona Mzee amtazama Bi Zuhura, mkono wake ukapanda pole pole mpaka begani, kwenye mkanda. Mtu aliyeapa mbele ya Mungu wake, yuko mlangoni petu apima: kiapo au nyumba ya jirani. Na aliyemtia kwenye mizani hiyo ni mtu wa kirumbizi. Nalitamani kumrusha King'ora mpaka Zanzibar, na siku ile nguvu nalikuwa nazo.

Bi Zuhura akaushika mkono wa mzee. Kwa nguo, si kwa ngozi, mwawajua wamama wa Bondeni. "La, baba. Usivue."

"Zuhura, watakutoa."

"Na wanitoe. Mimi mtu akiniambia nivue buibui ndipo nipite mlango, nyumba yenyewe nitawaachia na mlango wao. Sitaki paa lililonunuliwa kwa aibu yako."



Nikamwambia King'ora, "Bosi, tumbo laniuma, naenda haja." Akaniambia nenda. Nikapanda zile ngazi, nanyi mwajua magoti yangu, siku ile nilipanda kama kijana akimbizwaye na mbwa na baba mkwe pamoja. Nilipofika mlangoni pa baraza namsikia Fahmi, sauti tamu kama halua: "Mheshimiwa, shahidi wao hakufika. Twaomba shauri lifungwe."

Hakufika! Na amemwona getini sasa hivi, manukato yake yangali kwenye ndevu za mzee!

"Yuko chini, mheshimiwa!" nikapiga kelele, bila kubisha hodi wala salamu. "Amefika zamani, amezuiwa kwa kirpan yake. Kalasinga. Fundi wa paa. Na Bi Zuhura yuko naye!"

Mama Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. Nikakumbuka dhambi zote, hata embe za mwalimu wa chuo. Akasema, "Wewe ni nani?"

"Mimi naenda haja, mheshimiwa."

Akaandika kidogo, akavua miwani. "Baraza hili huenda kutazama nyumba zinazobishaniwa, na huko husikiza mashahidi barazani kwa watu. Linaweza pia kwenda getini. Twende."

Basi tukashuka msafara. Mama mbele, karani na kitabu chake, Fahmi nyuma tai imempinda. King'ora alipomwona mama alipiga saluti, mama akampita, akaketi kwenye kiti cha King'ora mwenyewe, chini ya lile bango na kile cheti. Jengo zima likatoka, makarani ambao siku nyingine huwaoni wakiamka walikuwa wamekaa mpaka juu ya ukuta. Muuza kahawa akapata biashara ya mwaka.

Mzee Harbans akala kiapo palepale nje ya mlango, mkono kwenye bangili yake ya chuma. Akaeleza yote: Bwana Athmani alilala wapi, imamu aliketi upande gani, maneno gani yalisemwa. "Alisema, mimi sasa ni mgeni wake. Nikampa Bi Zuhura misumari aichague yeye, kwa kuwa nyumba ni yake."

Fahmi akasimama. "Mheshimiwa, huyu ana silaha, ushahidi wake usipokewe."

"Je, aliyosema ni uongo?" mama akamuuliza. "Mjomba wako hakusema hivyo?"

"Mimi sikuwapo."

"Ulikuwa wapi siku hizo zote akiumwa?"

Fahmi akaanza kuikaza tai yake. Wamama wa Bondeni waliokuja kumsindikiza mwenzao wakamjibia, kila mmoja na mahali pake, na mahali pengine sitapataja kwa heshima ya hii chai.

Mama akaandika, akasema hukumu hapo hapo. Nyumba ni ya Bi Zuhura kwa hiba ya mumewe. Fahmi arudishe mabati yote aliyoyang'oa, na asikanyage pale. Vigelegele vilipigwa, nadhani huko Lamu walidhani mwezi umeandama.

Mwadhani King'ora alinyamaza? Hamumjui. Mtu wa namna ile akishindwa hutafuta jingine la kushindwa. Akajitokeza mbele, simu mkononi. "Mheshimiwa, hukumu ya nyumba sawa. Lakini huyu mzee amesimama hadharani na silaha, na mimi nawaita polisi wamchukue. Sheria ni sheria, haina udhuru."

Mama akavaa miwani yake tena. "Bwana, sheria hiyo naijua vizuri. Yamkataza mtu kutembea na silaha bila sababu, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Katiba nayo yampa kila mtu dini yake. Sababu yake tumeisikia. Imebaki hofu. Lazima awepo mtu aliyetishwa." Akatazama ule umati. "Haya, aliyetishwa hapa leo ajitokeze."

Mimi natazama juu, karani atazama kitabu, muuza kahawa ameshika kikombe hamimini. King'ora azungusha macho atafuta hata mtoto mmoja wa kulia.

Kisha Bi Zuhura akasimama. Sote tukashangaa. Mzee Harbans mwenyewe akamgeukia, mdomo wazi.

"Mimi," akasema. "Mimi nimetishwa, mheshimiwa."

King'ora furaha ilimjaa mpaka masikioni. "Mmesikia! Sema mama, usiogope, serikali iko nawe. Nani aliyekutisha?"

Bi Zuhura akanyoosha kidole, kikampita mzee, kikampita King'ora, kikatua kwenye tai ya Fahmi.

"Huyu! Wa kisu alipanda juu kunizibia paa; huyu hata wembe hana, na ndiye alonilaza mvuani. Mkagueni huyu!"